Blogu za safari: kwa nini moja tunaisoma tu, na nyingine tunaifuata hadi kituoni?

#1 Kalamu_Wazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Blogu za safari ziko za aina mbili. Ya kwanza picha zake zinameremeta, maneno yametiwa asali, mtu anasoma mpaka mwisho na kumtumia rafiki. Ya pili imekaa kama fomu ya maombi: sentensi kavu, ramani imechorwa kwa mkono, picha ya ubao wa ratiba imepigwa na mtu mwenye haraka. Siku ya safari ikifika, msomaji yuleyule anaiacha ya kwanza, anafungua ya pili na kuifuata neno kwa neno.

Dai langu ni kwamba kuvutia na kuaminiwa ni kazi mbili, na wengi wanafanya ya kwanza wakidhani wanafanya ya pili.

Najua nitaletewa ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2002, watu 2,684, ambapo asilimia 46.1 ya maoni yaligusa muonekano wa tovuti. Nauweka mapema ili usije kutumika kunifunga mdomo.

Swali: ni nini hasa kinachomfanya msomaji aamini? Wajuzi karibuni.

*[Imehaririwa: awali niliandika "asilimia 46.1 ya watu". Ni ya maoni. Shukrani Dira #6. Noti hii imewekwa baada ya #26.]*

#2 Mpitaji_Tu

Natandika mkeka hapa. Endeleeni.

#3 Binti_Ramani

Jibu langu ni neno moja: kukamatika.

"Kituo kiko karibu na bandari" ni sentensi isiyokamatika. Hakuna atakayerudi kukwambia umedanganya, kwa sababu "karibu" haina mwisho. Sasa soma hii: "Toka mlango wa mashariki, vuka barabara mara moja, dakika 6 kwa mguu ukiwa na begi la magurudumu, mita 200 za mwisho ni mawe, libebe." Hapo mwandishi ameweka shingo yake mezani. Akikosea, msomaji wa kwanza atakayefika anamuumbua. Msomaji analijua hilo hata kama hajawahi kulisema, ndiyo maana anaamini.

Aya ya usafiri ninayoiheshimu ina mambo 6: pa kuanzia (mlango gani, jukwaa gani), muda wa mlango hadi mlango na si wa chombo peke yake, vyombo vingapi kwa siku, cha mwisho kinaondoka saa ngapi, malipo yanapokelewa kwa njia gani, na kitu gani huvuruga mpango. Hilo la sita ndilo linalorukwa. Bahari ikichafuka kivuko kinaahirishwa, siku za mapumziko ratiba ni nyingine, mashine ya tiketi haipokei kadi. Anayelitaja la sita, kwa kawaida amefika kweli.

#4 Mzee_wa_Reli

Nakazia hoja ya Binti. Mfano hai ni tovuti ya The Man in Seat 61 ya Mark Smith, ipo tangu 2001. Sura yake haijawahi kushinda shindano la urembo, na hakuna machweo ya jua yanayokupokea mlangoni. Unakuta hatua za kununua tiketi, picha ya kiti kilivyo daraja la kwanza na la pili, upande gani wa behewa ukae uone bahari. Watu wanapanga safari za kuvuka bara zima kwa ukurasa mmoja wa pale. Mwenyewe alifanya kazi kwenye reli kabla ya hapo, na hilo linaonekana kwenye kila aya bila kulitangaza.

Wala si jambo jipya. Inasimuliwa kwamba Karl Baedeker, mchapishaji wa Ujerumani wa vitabu vya mwongozo wa karne ya 19, alionekana akipanda paa la kanisa kuu la Milan huku akihamisha punje za njegere kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, punje moja kila ngazi 20. Alikuwa anahesabu ngazi. Huyo ndiye mwandishi anayekamatika.

#5 Jicho_Pili

Wakuu mnanichekesha. Maelezo yanayokamatika yanaghushika. Dakika 6, mita 200, mawe: vyote hivyo mtu anavitoa kwenye ramani ya satelaiti na picha za barabarani akiwa kitandani.

Kwangu mimi swali la kwanza ni nani kalipa. Na hapa watu wanakosea mahali pa kuliweka jibu, si kulificha tu. Marekani, tume ya biashara ya FTC ilirekebisha mwongozo wake 2009 ukawagusa wanablogu kwa uwazi, ukarekebishwa tena 2023. Msingi wake: ukipewa fedha, chumba cha bure, tiketi, chochote kinachoweza kubadilisha namna msomaji anavyopima maneno yako, sema, na useme mahali ambapo hapitwi. Ufaransa nayo ilitunga sheria yake Juni 2023.

Makosa ninayoyaona kila siku:

Tamko limewekwa kwenye safu ya pembeni. Kwenye kompyuta linaonekana vizuri. Kwenye simu, miundo mingi ya kurasa ya WordPress (programu ya kuendeshea blogu) huisukuma safu hiyo chini ya makala yote, chini ya maoni, chini ya kila kitu. Wasomaji wengi wako kwenye simu, kwa hiyo hawalioni kabisa. Mwandishi anaapa kwamba aliweka, na kweli aliweka.

Tamko liko ukurasa wa "Kuhusu sisi". Anayetoka Google hapiti huko.

Tamko lina maneno ya kujificha: "kwa hisani ya", "tulishirikiana na", "viungo vingine vinaweza kuwa vya washirika". Sema hivi: "Hoteli ilinipa usiku 2 bure. Hawakuisoma makala kabla haijatoka." Sentensi mbili, juu ya aya ya kwanza, kabla ya kiungo cha kwanza.

#6 Dira

Mleta uzi, rekebisha hapo juu. Umeandika asilimia 46.1 ya *watu*. Ule utafiti wa Stanford ulihesabu *maoni* yaliyoandikwa na washiriki, si vichwa. Mtu mmoja aliweza kuandika maoni kadhaa.

Pia angalieni namna ulivyofanyika. Mshiriki alioneshwa tovuti mbili za kundi moja (safari ilikuwa miongoni mwa makundi 10) akaambiwa azipange ipi inaaminika zaidi. Hakuwa na tiketi mkononi, hakuwa anakwenda popote. Asiyekuwa na la kupoteza anapima kwa macho. Kwa hiyo utafiti huo hauvunji dai lako, unaelezea nusu yake ya kwanza.

#7 Kalamu_Wazi

Nimekubali Dira, narekebisha.

#8 Fundi_Seva

Ngoja niwashushe kidogo. Mnabishana juu ya imani wakati msomaji ameshaondoka kabla ukurasa haujafunguka.

Vipimo vya Google: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5, mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200, na alama ya kurukaruka kwa ukurasa isizidi 0.1. Blogu za safari zinaanguka zote tatu, na chanzo karibu kila mara ni picha na matangazo.

Simu inapiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, megabaiti 3 hadi 5. Mwandishi anaipakia hivyohivyo, makala moja picha 20. Punguza upana hadi pikseli 1600, hifadhi kwa aina ya faili ya WebP au JPEG, ubora 75 hadi 80. Picha nyingi zitabaki kilobaiti 150 hadi 300 na jicho halitatofautisha. Picha zenye majani mengi au mawimbi hubaki nzito zaidi. Hizo zishushe ubora kidogo tena.

Kosa la pili ni la wajanja: plagini (programu-jalizi) ya kuchelewesha picha imewashwa kwa picha zote, pamoja na ile ya juu kabisa. Kivinjari kinaambiwa kisiiharakishe picha ileile inayopimwa. Iondoe ya kwanza kwenye orodha, zinazofuata ziache zichelewe.

Kosa la tatu ndilo linaloua imani kabisa. Picha na visanduku vya matangazo havijaandikiwa upana na urefu kwenye msimbo. Msomaji anataka kugusa kiungo cha ratiba, tangazo linashuka juu yake, kidole kinagusa tangazo. Hata kama ni ajali ya kiufundi, yeye anaona ametegwa. Huyo umempoteza, na punje za njegere za Mzee hazitamrudisha.

La mwisho: ratiba usiiweke kama picha. Haitafutiki, programu za kuwasomea wasioona haziisomi, na kwenye mtandao dhaifu kituoni ndiyo ya mwisho kufunguka. Andika maandishi. Picha ya ubao iwe ushahidi chini yake.

#9 Mpitaji_Tu

Fundi amekuja na nyundo.

#10 Shangazi_Begi

Wanangu, mmesahau msomaji ni nani. Mnasema "msomaji" kama vile yuko mmoja.

Mtu anamwamini aliye kama yeye. Anayesukuma kigari cha mtoto hana kazi na blogu ya kijana mwenye begi la mgongoni, hata ikamatike namna gani. Dakika 6 za Binti zinageuka 15, na yale mawe ni adhabu.

Tazameni neno "panafikika" linavyotumiwa kwa wanaotembelea viti vya magurudumu. Neno tupu hilo. Kinachotakiwa ni hiki: ngazi 3 mlangoni, hakuna mshiko, mlango wa bafu sentimita 70, na viti vingi vinahitaji kama 80, lifti ipo lakini inaanzia ghorofa ya kwanza. Rampu (mteremko wa kupandishia kiti) ikiwepo, taja urefu na kimo chake. Kipimo cha kawaida ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Rampu ya sentimita 4 kwa 1 ni ukuta uliolala, na kwenye picha inaonekana safi tu.

Ukiandika hivyo kwa kundi dogo, hata wasio wa kundi hilo wanaamini. Wanajisemea: aliyepima mlango wa bafu hawezi kudanganya kuhusu basi.

#11 Binti_Ramani

Shangazi, hapo mwisho umerudi kwangu. Kupima mlango ndiko kukamatika.

#12 Shangazi_Begi

Sijarudi popote mwanangu. Wewe unasema kipimo kinaaminika. Mimi nasema kilichoaminika ni kwamba alijua apime *nini*. Anayetembea kwa miguu miwili hakumbuki mlango wa bafu.

#13 Msomaji_Bure

Mnajipa sifa bure. Watu hawamwamini mwanablogu, wanaamini nafasi yake kwenye Google. Muulize mtu jina la blogu iliyompangia safari yake ya mwisho. Atakwambia "niliona mtandaoni".

Google wenyewe waliliona. Desemba 2022 waliongeza sifa moja kwenye mwongozo wa wanaokagua ubora wa matokeo: zamani ulitaja utaalamu, mamlaka na kuaminika, wakaongeza *uzoefu wa kulipitia jambo*. Tangu hapo kila blogu imejaa "tulipofika hapo mwezi uliopita". Septemba 2023 yakaja mabadiliko yaliyokusudia kuinua maudhui yenye manufaa, na blogu nyingi huru za safari zikaporomoka, zikiwemo za watu waliokuwa wanafika kweli. Imani yenu ilikuwa ya nani hapo? Ya kuazima.

#14 Dira

Nusu nakubali. Google anafungua mlango, lakini pale pale mlangoni watu wanarudi nyuma wengi. Na ule mwongozo ni wa wakaguzi binadamu wanaosaidia kupima mfumo. Alama zao hazipandishi wala kushusha tovuti moja kwa moja. Wengi wanauchukua kama orodha ya kuhakikiwa na mashine, wanajaza "mimi" kila sentensi.

#15 Nahodha_Mstaafu

Hakuna aliyegusa kukiri kasoro. Makala inayosema "hapa usiende" ndiyo inayoipa nguvu ile inayosema "hapa nenda".

Mambo mawili ya zamani ya saikolojia yanasaidia. Hovland na wenzake, kwa wanajeshi wa Marekani, waliandika 1949 kwamba hoja yenye pande zote mbili humshika zaidi anayepinga, na ile ya upande mmoja humshika aliyekwisha kubali. Kwa blogu maana yake ni hii: aliyekwisha pendezwa na mahali hataki kasoro, anataka kuhakikishiwa. Mwenye shaka anazihitaji. Ukijua aliyekuja ametafuta maneno gani, unajua kasoro uiweke wapi. Aliyetafuta "je, inafaa" aikute aya ya kwanza. Aliyetafuta "namna ya kufika" akutane nayo kwenye hatua inapotokea.

La pili ni Elliot Aronson, 1966. Washiriki walisikiliza kanda ya mshindani wa chemsha bongo. Mmoja anajibu asilimia 92 ya maswali, mwingine 30. Baadhi ya kanda zikawa na kishindo cha mtu kujimwagia kahawa. Yule hodari alipendwa *zaidi* baada ya kumwagikiwa. Yule wa wastani alipendwa pungufu.

Kwa hiyo mwanablogu mpya asianze kwa kusimulia alivyopotea, akakosa treni na kusahau pasi. Aoneshe kwanza kwamba anajua. Kosa lije baadaye, na lije na namna ya kulikwepa.

#16 Jicho_Pili

Nahodha umenena, ila kuna kasoro za mapambo. "Kasoro pekee ya hoteli hii ni kwamba hutatamani kuondoka." Au "mtandao ulikuwa wa polepole kidogo, lakini nani anahitaji mtandao mbele ya mandhari haya". Hizo ni sifa zilizovaa kanzu ya kasoro.

Kipimo changu: kasoro ya kweli inamfukuza msomaji fulani. "Ukuta ni mwembamba, mwenye usingizi mwepesi asichukue vyumba vinavyotazama barabara." Hapo mwandishi amekubali kupoteza kamisheni (malipo anayopata msomaji akinunua kupitia kiungo chake) kwa watu fulani.

Hesabuni pia viungo. Orodha ya hoteli 10, zote 10 zina kiungo cha kamisheni, basi orodha ilianzia kwenye programu ya kamisheni. Wekeni hata mbili zisizolipa, kama kweli zinastahili. Na kiungo cha kulipwa kiwekewe alama ya "sponsored" kwenye msimbo. Google waliitambulisha Septemba 2019. Alama hiyo inaongea na mashine tu. Msomaji haioni, kwa hiyo haichukui nafasi ya tamko.

#17 Mzee_wa_Reli

Wote mmepita juu ya tarehe, na mimi naiona ni nusu ya kesi.

Ujanja unaotumika: makala ya miaka 4 iliyopita, mwandishi anabadilisha mwaka kwenye kichwa, anagusa koma mbili, anabonyeza kuhifadhi, ukurasa unaonesha imesasishwa leo. Mwenye wasiwasi aifungue Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za zamani za kurasa, aweke anwani ya makala, alinganishe nakala mbili. Mara nyingi atakuta aya zilezile.

Namna safi ni noti za mabadiliko, juu ya makala, mistari 3 au 4 tu: tarehe, nini kimebadilika, umejuaje. "12 Machi: kivuko cha jioni kimefutwa, nimethibitisha kwa kampuni." "3 Juni: njia ya juu imefungwa, kwa taarifa ya msomaji, sijaiona mwenyewe." Hiyo ya pili ndiyo dhahabu, kwa sababu inatenganisha ulichokiona na ulichoambiwa.

Tenganisheni pia vinavyooza haraka na visivyooza. Mlima hauhami. Nauli, saa za kufungua, masharti ya viza, hivyo vinaoza. Viwekeni kwenye kisanduku kimoja juu, chenye tarehe yake, pamoja na kiungo cha chanzo rasmi. Ukivitawanya ndani ya hadithi, siku ya kusasisha utasahau vitatu.

#18 Kimya_Kingi

Naongeza kimoja kwa tunaoandika Kiswahili. Saa.

Ukiandika "treni inaondoka saa 2" msomaji wetu anaelewa asubuhi ya saa mbili, halafu tiketi inasema 08:00 na ubao kituoni 08:00, anaanza kushangaa. Mbaya zaidi ni anayechanganya ndani ya makala moja, aya ya juu saa za Kiswahili, aya ya chini ametafsiri kutoka ratiba akaacha namba ilivyo. Kosa hilo ni la saa 6 kamili. Andika vyote pamoja: "saa 2:00 asubuhi (08:00)". Na safari inayovuka usiku wa manane, taja siku kwa jina, maana 00:30 ya Jumamosi ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, ila wengi wanaihesabu ni Jumamosi usiku, na wanafika kituoni wamechelewa siku nzima.

#19 Mpitaji_Tu

Kimya Kingi leo una mshindo mkuu.

#20 Msomaji_Bure

Tuache kuwatukuza wa zamani. 2008 mwandishi mmoja wa Lonely Planet, wachapishaji wa vitabu vya mwongozo wa safari, alisema hadharani kwamba aliandika kuhusu Kolombia bila kufika, akiwa San Francisco. Kitabu kilikuwa madukani, watu wanakifuata.

#21 Dira

Weka kisa kizima. Kampuni ilijibu kwamba kwa kitabu hicho alipewa kuandika sehemu ya historia, kazi ambayo haikuhitaji kusafiri. Unaweza usiridhike na jibu hilo, lakini si sawa na mtu aliyebuni hoteli.

Na kama ni kunakili, nenda mbali zaidi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14, alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy safari zake, kazi ikakamilika 1355, na maelezo ya Dameski ndani yake yamechukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka kwa msafiri wa kabla yake, Ibn Jubayr, aliyesafiri 1183 hadi 1185. Bado wanahistoria wanaitumia kazi hiyo, ila wanapima kipande kwa kipande. Sidhani kama msomaji wa kawaida anapima tofauti. Anaweza kuamini basi lako na asiamini hoteli yako.

#22 Fundi_Seva

Siku hizi hakuna haja hata ya kumnakili Ibn Jubayr. Agosti 2023 Microsoft walitoa makala ya vivutio vya Ottawa, Kanada, ndani yake benki ya chakula ya misaada imepangwa kama kivutio cha watalii, na ushauri wa kwenda tumbo likiwa tupu. Akili mnemba hiyo.

#23 Dira

Leo nimekuwa karani wa masahihisho. Makala ilikuwepo kweli na ikaondolewa. Ila Microsoft walisema haikuachwa kwa akili mnemba peke yake. Ilipitia algoriti pamoja na ukaguzi wa binadamu. Kwangu hilo linatisha zaidi, maana yake kuna mtu aliisoma akaipitisha.

#24 Jicho_Pili

Na mialiko je? Safari ya kualikwa si dhambi, tatizo ni masharti. Kabla ya kukubali, yaandikwe kwenye barua pepe: mwenyeji hasomi makala kabla haijatoka isipokuwa kuthibitisha majina na saa, hakuna ahadi ya sifa, mwandishi anapata angalau nusu siku ya kutembea bila mwongozaji. Hiyo nusu siku ndiyo atakayopanda basi la kawaida na kupanga foleni ya kawaida. Asipoipata, anaandika habari za gari la mwenyeji, na msomaji hatalikuta gari hilo.

Upangaji wa safari hizi nao unaficha mengi. Chumba cha mwalikwa huwa ni kile bora. Uliza namba ya kundi la chumba, kisha omba kuona cha bei ya chini kabisa, dakika 5 tu. Andika ulichokiona huko.

#25 Shangazi_Begi

Kuna jambo hamjaligusa, nalo ni mazoea. Mtu anapokea barua pepe ya mwandishi yuleyule kila Jumanne kwa miaka 2. Anajua kwamba huyu anachukia foleni, anapenda makumbusho madogo, analalamika magodoro yote. Siku akisifu godoro, msomaji ananunua usiku 3 bila kusoma aya ya pili. Hakuna tarehe, hakuna mita, hakuna tamko. Amemzoea tu, kama jirani mwenye mdomo. Anajua pa kumpunguzia.

Na hili ndilo linalowaumiza wanaobadilisha sauti kila mwezi kufuata kinachovuma. Waandishi 5 chini ya jina moja, kila mmoja na ulimi wake, msomaji hajui ampunguzie nani. Mkiwa wengi, wekeni jina la mwandishi juu, na mstari mmoja: anasafiri na nani, kwa mfuko wa kiasi gani, anaogopa nini.

Kwenye maoni pia, jibuni. Msomaji akisema mlango wa mashariki umefungwa, msimwandikie "asante kwa kutembelea". Rekebisheni makala, mtajeni, mweke tarehe. Wanaofuata wanaliona hilo kabla ya kusoma kingine chochote.

#26 Kimya_Kingi

Tukiwa hapohapo kwenye kurekebisha. Nimerudi #1 kuangalia. Dira alisema pameandikwa "asilimia 46.1 ya watu". Sasa hivi panasomeka "ya maoni", safi kabisa, kana kwamba ndivyo palivyokuwa tangu mwanzo. Hakuna noti, hakuna tarehe. Mgeni akifika leo atamwona Dira anamsahihisha mtu ambaye hakukosea.

#27 Binti_Ramani

Umekamatika, mleta uzi 😂

#28 Kalamu_Wazi

Nimeweka noti.